Hawakujenga, Walitengeneza

Mpendwa Waya,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo sisi Wajaluo tumwitavyo dada ya baba, na neno "shangazi" halikuwahi kutamkwa kati yetu. Barua hii nilipaswa kukuandikia ungali hai. Naiandika sasa, tena naiandika wazi, kwa kuwa kosa ninaloliungama nililitenda mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa.

Unakumbuka likizo zangu za shule nyumbani kwako Nyatike, karibu na Ohinga, ile ngome ya kale ambayo kuta zake zimepangwa mawe matupu, bila udongo wala saruji. Mbuzi walipanda juu yake, mawe yakaanguka, nawe ukanichukua tukayarudishe. Hukuwa mwajiriwa wa mtu. Ulifanya hivyo kwa kuwa mama mkwe wako alifanya hivyo. "Usililazimishe," uliniambia nilipokuwa nikisukuma jiwe kwa kiganja. "Ligeuze, mpaka likae lenyewe." Nilipodhani nimemaliza, ulilibonyeza kwa kidole kimoja, likatikisika, ukacheka. "Fundi wa maneno, jiwe lako linacheza dansi." Tukalitoa, tukaanza upya. Kazi hiyo uliiita kutengeneza. Sikuwahi kukusikia ukiiita kujenga.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mhadhiri wa historia, nilialikwa kuwahutubia watalii waliokuwa wakizunguka ziwa kwa meli. Tulitia nanga Homa Bay, na siku hiyo ilipangwa tupande magari, tupitie Ndhiwa, tuje Ohinga, nawe utuongoze. Mimi ndiye niliyekupendekeza kwa kampuni. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuwapokea wageni wao kila meli ifikapo, na wewe ulikwisha kununua kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Asubuhi, kabla hatujashuka melini, mama mmoja mgeni, mwalimu mstaafu, aliniuliza kama kuta hizo zilijengwa na watu wetu. Jibu nililijua. Nimelifundisha darasani: yaelekea waliozianzisha walikuwako kabla ya Wajaluo kufika, wakahama, na jamii zilizofuata zikazikuta, zikaishi ndani yake na kuzitunza. Nilimjibu, "Ndiyo, ni babu zangu." Alinitazama kwa heshima ambayo vitabu vyangu havijawahi kuniletea, na wenzake mezani wakageuza viti kunielekea. Sina sababu nyingine ya kueleza, Waya. Ilikuwa tamu.

Ulitupokea kwenye lango lile jembamba, ambalo mtu hupita ameinama. "Waambie wainame," ulisema. "Hapa hata mheshimiwa anaingia kama mbuzi." Nilitafsiri, wakacheka, wakakupenda hapo hapo. Tulipokwisha kusimama ndani, mama yule akakuuliza swali lake lile lile la asubuhi, labda ili alisikie tena kutoka kinywani mwako.

Ulijibu kwa Kiswahili, polepole, ukijua kwamba nitatafsiri: "Wazee wetu hawakujenga hapa. Walizikuta kuta zimesimama. Walitengeneza."

Wageni waligeuka kunitazama. Neno "kutengeneza" lina maana mbili: kurekebisha kilichoharibika, na kuunda kisichokuwako. Sentensi zako mbili za kwanza zilikuwa zimekwisha kufunga mlango wa maana ya pili. Nami nilizimeza sentensi hizo mbili, nikaichukua ya tatu peke yake, nikaitia katika Kiingereza kwa maana ya kuunda. Kama mwanafunzi wangu angefanya hivyo katika tasnifu, ningemrudishia karatasi bila kuisoma hadi mwisho.

Mzee mmoja miongoni mwao, aliyewahi kuwa mwashi, hakuridhika. Alipapasa ukuta, akauliza kwa nini mawe ya chini yamepangwa kwa mkono mmoja na ya juu kwa mkono mwingine. Ulifurahi; nadhani hakuna aliyewahi kukuuliza hilo. "Ya chini ni ya wenyewe," ulimjibu. "Ya juu ni yetu." Mimi nikamwambia kwamba umesema mawe mazito huwekwa chini ili kubeba uzito. Akatikisa kichwa, akamnong'oneza mwakilishi wa kampuni kuwa kikongwe huyu anaielewa kazi ya mawe kidogo tu. Nilimsikia. Sikumsahihisha, kwa kuwa kukutetea kungenivua nguo.

Kampuni haikukuita tena.

Siku ile, kando ya gari, wageni walipokuwa wakijipangusa vumbi, uliniuliza, "Umewaambia tulitengeneza vipi?"

"Kama ulivyosema, Waya."

"Mm." Ukanifungia karanga katika gazeti. "Wajukuu wanasoma hapa kwangu, nami nina masikio. Kizungu kina neno la kujenga, na kina neno la kutengeneza. Yote mawili nayajua." Kisha ukanirekebishia ukosi wa shati kama mtoto wa nasari. "Nenda, mwanangu. Wasikuache."

Ulijua tangu nilipofungua kinywa. Ungeweza kuniaibisha pale pale, na ungekuwa na haki. Ulichagua kuonekana mjinga mbele ya wageni ili mtoto wa kaka yako asionekane mwongo. Nilikula karanga zako hadi Homa Bay, na sikurudi kwako kusema neno.

Baadaye kampuni ilichapa kijitabu. Ndani yake mna picha yako, na chini ya picha, maneno kwamba Mama Akeyo, mlinzi wa mila, asema babu zake ndio waliounda kuta hizi. Siku ya mazishi yako binamu mmoja aliusoma ukurasa huo kwenye kipaza sauti. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Mwezi uliopita nilikwenda Ohinga na wanafunzi wangu. Mwanamume mmoja anayejitegemea kwa kuongoza wageni alituhadithia kwamba Wajaluo ndio waliojenga. Mwanafunzi wa kike kutoka Kehancha, Mkuria, akauliza, "Na sisi je? Hakuna wengine waliopita hapa kabla yenu?" Akajibiwa, "Dada yangu, usinigombeze mimi. Hayo ni maneno ya marehemu Mama Akeyo mwenyewe. Yameandikwa."

Wenzake wakacheka, naye akafunga daftari lake. Hapo ndipo nilipoelewa upana wa nilichofanya: nilikuwa nimekutia kinywani uongo, na sasa uongo huo, kwa jina lako, unawafukuza watu wengine kutoka katika kuta ulizozitunza kwa niaba yao.

Nilisema kweli, mbele ya wote. Nilisema mkalimani alikuwa mimi, nikazitaja sentensi zako zote tatu kwa mpangilio wake. Kiongozi yule alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mzee, pole," akasema. "Lakini siku ile ulisema vile, leo unasema hivi. Sasa tukushike wapi?"

Shahidi pekee wa maneno yako ni mtu yule yule aliyeyapotosha. Nimeiandikia kampuni, hawajajibu. Nimewaandikia wanafunzi wangu nikawataka wasiyapokee haya kwa sababu nimeyasema mimi, bali waende wakautazame ukuta, mawe ya chini na ya juu, waone mikono miwili. Yule binti wa Kehancha peke yake ndiye aliyenijibu. Ameandika kwamba atakwenda, na kwamba angependa kwenda bila mimi.

Ana haki, Waya. Lala salama, wala usinitetee tena.

Mtoto wa kaka yako