Fungu la Halla

Korpivaara,
Kuhmo,
Ufini.
5 Novemba

Mpendwa mwanangu Jarkko,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wako, nikitumaini barua hii itawakuta wazima na nyumba ikiwa na joto. Denise hajambo? Elvi ameshaota meno ya mbele? Ile picha yake anayocheka bila meno nimeibandika kwenye friji, na kila ninapochukua maziwa nacheka naye.

Mimi nashukuru Mungu, isipokuwa goti, ambalo limeamua kuwa mtabiri wa hali ya hewa bila mtu kuliajiri. Kaka yangu Rauno, baba yako, mwili wake mzima. Nimeandika mwili makusudi.

Umeuliza mara mbili ni lini mbwa wako Halla atapandishwa ndege aje kwako, na baba yako hakukujibu. Najibu mimi. Halla amekufa, Jarkko. Aliuawa na mbwa mwitu mwezi uliopita, siku ya kwanza ya mawindo, kule kinamasini. Kaa chini, ulie kama unataka kulia, maana hata mimi nililia ingawa alikuwa akinichimbulia viazi. Kisha endelea kusoma, kwa sababu barua hii si ya mbwa tu. Nahofia baba yako naye tutampoteza, na wewe ndiwe uliyebaki wa kumzuia. Ningepiga simu, lakini siku hizi anaingia kwangu wakati wowote bila hodi, na maneno haya hayafai kusikiwa naye.

Ulipoondoka, mbwa mwitu walikuwa jambo la kuwatishia watoto wasivuke mto. Sasa wamerudi kweli, kundi zima, kutoka upande wa mpakani. Pentti, ambaye bado ni mwenyekiti wa chama cha wawindaji na bado hawezi kumaliza mkutano kabla kahawa haijapoa, anasema ndama wa kulungu wakubwa wa huku kwetu wamekwisha. Mwaka huu tulipewa vibali vichache mno vya kuwinda hata wanaume wakatazamana. Yule mama mtafiti aliyekuja kutoka mjini alisema tusiwalaumu mbwa mwitu peke yao, kwamba sisi wenyewe miaka ile tulipiga kulungu wengi kupita kiasi. Alisikilizwa kwa adabu na akapewa keki. Mimi nadhani nusu ya aliyosema ni kweli, lakini si mimi ninayekaa msituni tangu asubuhi na kurudi mikono mitupu.

Hao kulungu waliobaki wamebadilika, mwanangu, na hili ndilo lililoanza kuninyima raha. Hawakai tena msituni. Wanakuja majumbani. Mwezi wa tisa nilitoka kuanua shuka, nikamkuta jike mmoja amesimama upande wa pili wa kamba, mrefu kuliko farasi, nikiona miguu yake chini ya shuka na masikio yake juu. Nilimfukuza kwa kupiga makofi. Hakuondoka. Hakuwa akinitazama mimi hata kidogo, alikuwa akitazama msitu nyuma yangu. Niliingia ndani kinyumenyume nikaziacha shuka zilale nje.

Na kimya, Jarkko. Unakumbuka vuli za hapa, mbwa wakibweka kila kilima mpaka mtu anaomba wapumzike? Mwaka huu hakuna. Watu wamefungia mbwa wao ndani kwa hofu, na kijiji kimekuwa kama nyumba iliyofiwa.

Pentti alitoa amri kwamba mbwa wasifunguliwe, watu wapange mstari na kuwaswaga kulungu kwa miguu. Baba yako akasema huko siyo kuwinda, huko ni kutembeza viungo. Unamjua. Wakabishana, na mwisho akamfungua Halla mbele ya wote, amevaa ule mkanda wa shingoni wa rangi ya machungwa unaoonyesha kwenye kifaa cha mkononi mbwa yuko wapi na anabweka mara ngapi.

Halla akampata kulungu dume kando ya kinamasi, akamsimamisha na kubweka vizuri, pale pale, kama ulivyomfundisha. Baba yako akaanza kumnyemelea, upepo ukimpiga usoni. Alipokaribia, mbwa akanyamaza.

Sasa wewe umelelewa humu, unajua mwindaji hufanya nini mbwa akinyamaza. Husimama. Hatikisi hata kidole, kwa sababu huenda kulungu anasikiliza, na hatua moja inaharibu kazi yote. Baba yako alifundishwa hivyo na babu yako kwa kupigwa makofi ya kisogo. Basi akasimama. Akasimama kwa muda mrefu sana, amebana pumzi, na nyuma ya ile miti michache mbwa wako alikuwa akiuawa. Angepiga hatua ishirini angefika. Angepiga hata kelele wangekimbia. Yeye alisimama kwa utiifu kama mwanafunzi.

Halafu kimshale kinachomwonyesha mbwa kwenye kifaa kikaanza kusogea, taratibu, kuvuka kinamasi. Akadhani Halla amemfuata dume, akafurahi. Akakifuata mpaka giza likamfukuza. Kesho yake Pentti ndiye aliyeikuta damu na manyoya ya kijivu ya Halla. Mkanda haukuwepo. Pentti anasema mbwa mwitu wadogo hubeba vitu vya kuchezea, kiatu, kopo, chochote. Naamini hivyo. Nimeamua kuamini hivyo.

Lakini kimshale hakijasimama. Betri ya mkanda hudumu siku mbili, tatu ukibahatika. Zilipita, na baba yako akaja kwangu na kifaa kile, akakiweka mezani kati ya vikombe. Kimshale kilikuwa kikienda, kinasimama, kinaenda. Nilimwita Pentti aje aone. Akasema kifaa kimeharibika, kinarudia njia za zamani. Maelezo mazuri. Ila Halla katika maisha yake hakuwahi kufika ng'ambo ya ziwa, na huko ndiko kilikokuwa.

Ikafika siku ya kugawa nyama. Walikuwa wamempata dume mmoja, mwembamba, kwa kuswaga. Kama kawaida nyama ikapangwa mafungu sakafuni bandani, mimi nikageuzwa uso ukutani, na Pentti akawa anaonyesha fungu moja moja na kuuliza ni la nani, nami nataja jina bila kuona, ili asionewe mtu. Nikataja wote. Kisha Pentti akauliza tena.

"Na hili la nani?"

Majina yalikuwa yamekwisha. Niligeuka. Fungu moja lilikuwa limebaki katikati ya sakafu, zuri, limepangwa kwa usafi. Waliopanga walikuwa wametenga na fungu la mbwa, kama miaka yote, mikono ikafanya kazi bila kichwa. Hakuna aliyecheka. Baba yako, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"La Halla. Nitampelekea."

Akalitia kwenye mfuko, akatoka. Tulidhani ni uchungu, na mtu mwenye uchungu huachwa. Lakini tangu hapo amekuwa akipeleka. La kwanza lilipokwisha alianza kutoa kwenye friza lake mwenyewe. Nilimwuliza anampelekea nani, akaniambia nisijifanye sijui.

Juma lililopita nilimfuata, mchana kweupe, goti likinitukana njia nzima. Sikuona bunduki begani na nikashukuru, baadaye nikatamani angekuwa nayo. Aliweka nyama kwenye lile jiwe bapa mwanzo wa kinamasi, akarudi nyuma kidogo, akapiga mluzi, ule ule wa kumwita mbwa akale. Kisha akaita.

"Halla. Njoo, binti. Njoo nyumbani."

Walitoka watatu. Walitoka kimya, kwenye nyasi zile za njano, mahali ambapo nilikuwa nimepatazama punde tu, pakiwa patupu. Wawili walibaki mbali. Wa tatu, mdogo, alikuja, akisimama kila baba yako aliponyamaza, akisogea kila alipoita jina. Mdomoni alikuwa na kitu cha rangi ya machungwa. Alipofika kwenye jiwe alikiweka chini kwanza, ndipo akala. Kisha akakiokota na kuondoka nacho. Jarkko, mimi si mtu wa kuona mambo. Nimezika mume na sijawahi kumwona mlangoni. Lakini yule mnyama alipogeuka kwenda, aliinamisha sikio moja, lile la kushoto, namna ile ya Halla unayoijua.

Nilimvuta baba yako mkono tukarudi. Njiani nilimgombeza, nikamwambia anawazoesha mbwa mwitu kwa binadamu, kwamba watakuja majumbani. Alinisikiliza kwa upole. Alisema ndiyo, ndivyo anavyotaka, aje nyumbani.

Na wamekuja. Jumatatu wameonekana wakivuka uwanja wa shule wakati wa chakula cha mchana, hawana haraka, mmoja akichungulia dirishani. Polisi wametoa kibali. Theluji ikishakaa vizuri na nyayo zikaonekana, chama kizima kitaingia kinamasini kuwamaliza. Pentti, kwa wema wake, amempa baba yako nafasi ya heshima, pale pale kwenye jiwe, akidhani anampa nafasi ya kulipiza. Na baba yako amekubali. Watu wakampiga mabega, wakafurahi kwamba Rauno amerudi kuwa Rauno.

Mimi alinieleza jikoni. Alisema wakitokea upande wake hatapiga. Ataita, na yule mdogo atakuja, na yeye atamkinga kwa mwili wake mpaka wengine waache. Bunduki za watu kumi zitakuwa zinaelekea kwenye jiwe lile, mwanangu, na theluji ikiwa inaanguka watu hawaoni vizuri. Nilimwambia Pentti. Alinitazama kwa huruma akasema Lempi, wewe umechoka.

Nimemwambia baba yako kwamba Halla amekufa, kwa upole na kwa ukali. Nimemwonyesha manyoya aliyookota Pentti. Anasema mimi si mwenye mbwa. Mbwa alikuwa wako, wewe ulimwacha mikononi mwake, na hawezi kumwacha afe mpaka wewe uliyempa useme. Basi mpigie kabla theluji haijakaa. Usimuulize habari za Halla. Mwambie unajua amekufa, na mwambie kwamba mahali pake wewe pia ungesimama kimya, kwa sababu ndivyo mlivyofundishwa nyote. Hilo la pili ndilo analolingojea, ingawa hatakubali.

Pentti na Sirkka wanakusalimu. Sirkka anauliza kama Denise alijaribu ile jamu ya matunda mekundu. Mungu awafunike, awalindie mtoto, na awape majira ya baridi mafupi kuliko yetu.

Baba yako naye anakusalimu. Ameingia sasa hivi akachungulia bega langu, nikaufunika ukurasa kwa mkono, akauliza namwandikia nani. Nilipomtajia jina lako uso wake ulifunguka kama zamani. Amesema nikuandikie kwamba Halla hajambo, amenenepa kidogo, ila siku hizi halali nyumbani.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye daima,
Lempi