Lile Gari Ulilotuletea, Dada

Savai'i, Samoa,
Jumatatu, 12 Novemba 2018

Dada yangu mpendwa Fuatino,

Salamu nyingi zikufikie huko Auckland, wewe na shemeji, pamoja na mpwa wangu Lanuola, ambaye kwa picha uliyotuma naona meno ya mbele yameshaota na yamekuwa makubwa kuliko yangu. Natumaini baridi imepungua na kifua chako kimetulia. Sisi hapa hatujambo. Mama ni mzima. Macho ndiyo yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mvua zimeanza, magimbi yanastawi, na nguruwe wa jirani wanaendelea kuyala bila aibu.

Barua yako tuliipata Jumatano. Nilimsomea Mama yote isipokuwa ukurasa wa pili, ule unaosema umeanza kutafuta gari jingine la kututumia, zuri safari hii, ili Mama afikishwe kivukoni na aje kukaa nawe. Umeandika kwamba tangu mwaka ule hujajisamehe, kwamba uliokota gari la bei rahisi na hilo ndilo lililokunyima mama siku unajifungua. Dada, nakuomba usinunue gari. Nitakueleza kwa nini. Ila kwanza niache nilitukane lile la zamani kidogo, maana nimelitukana miaka minane na mdomo umezoea. Najua kaka hamwandikii dada yake maneno ya namna hii, na Baba angekuwa hai angenichapa kwa kuvunja agano lile la heshima kati ya kaka na dada. Nisamehe.

Lilikuwa takataka. Kumbuka serikali ilikuwa imetuhamishia kuendesha kushoto mwa barabara miezi miwili tu kabla, na kila mwenye ndugu New Zealand alikuwa kivukoni akingoja gari lenye usukani wa kulia. Majirani walishushiwa magari. Sisi tulishushiwa lile, likisukumwa na wanaume sita, wa saba akiwa mchungaji ambaye alikuwa amekuja kulibariki. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa nje tu. Waipa zilifanya kazi siku za jua. Rejeta ilikunywa maji kuliko ng'ombe, na sakafu ilikuwa na tundu ambalo Mama alitupia maganda ya machungwa njia nzima, akasema angalau kuna kitu kimoja kinachofaa. Watu wakalipa jina Taeao, yaani kesho, kwa sababu kila aliyeniuliza lini nitampeleka sokoni alipewa jibu hilo.

Nadhani hukupata kusikia habari ya honi. Ilikuwa saa ya sala ya jioni, kijiji kizima kimya majumbani, vijana wamesimama barabarani kuzuia hata baiskeli isipite, na Taeao limeegeshwa mbele ya nyumba ya chifu bila mtu ndani. Honi ikaanza kulia yenyewe. Ililia wakati wa wimbo wa kwanza, ikalia wakati wa Baba Yetu, ikanyamaza kwenye amina. Baraza lilinitoza nguruwe mmoja na katoni ya samaki wa kopo. Gari zima halikuwa na thamani ya wale samaki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mama kivukoni Salelologa, tuvuke naye akapimwe macho Apia. Nilikuwa na pikapu ya kamati ya kanisa. Meli ilichelewa, na unajua wenzangu wakikaa bandani wakisubiri hawana kazi ila kubishana. Safari hii ubishi ulikuwa nani aliwahi kumiliki gari bovu kuliko wote. Aperamo, yule dereva wa basi, alianza na basi lake la kwanza, ambalo sakafu ilidondoka barabarani abiria mmoja mnene akiwa amesimama, ikambidi akimbie pamoja nalo mpaka kituoni huku akidai nauli yake. Mwalimu Tuala akasema hilo ni gari zuri. Lake yeye milango ilifungwa kwa kamba, na mkewe alizoea kutokea dirishani hata mbele ya mchungaji, akiwa na kofia ya kanisani kichwani.

Niliwacheka wote wawili. Nikawaambia, "Nyie mlikuwa na magari. Mimi nililetewa maiti, tena na dada yangu mwenyewe." Nikawapa tundu la sakafu, nikawapa honi, wakaanza kufuta machozi. Ndipo nikafunga na kile ninachofungia kila mara: siku ya safari ya Mama mwaka 2010. Nikaeleza tulivyowaringia watu, tukakataa basi la alfajiri kwa sababu tuna gari letu. Nikaeleza Mama alivyovaa nguo nyeupe, mikeka myembamba ya zawadi imefungwa kwa ajili ya mtoto, meli ni ya saa sita mchana, ndege ni ya jioni, na mimi nazungusha funguo, nazungusha, Taeao kimya. Nikaiga sauti ya stata mpaka Aperamo akaketi chini kwa kucheka. Akasema nimeshinda, gari lililomkosesha bibi kumpokea mjukuu halina mpinzani kisiwani.

Mama alikuwa ndani ya pikapu, dirisha liko wazi, hatua tatu tu kutoka tulipokaa. Akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa. "We Elekana. Mbona hapo lilipowaka umeparuka?"

Nikajifanya sikusikia. Akarudia, safari hii akiwaambia wao: "Siku ile liliwaka. Mimi nilikuwa ndani nafunga mkoba, nikalisikia. Liliwaka mara moja, likanguruma vizuri kama gari la mchungaji. Halafu likazimwa." Kisha akaomba anunuliwe dafu, kwamba ana kiu. Aperamo alinitazama, akainuka mwenyewe kwenda kumnunulia.

Fuatino, alichosema Mama ni kweli. Asubuhi ile nilitoka kulipasha moto. Nilikuwa nimejiandaa kusukuma, kumwaga maji, kupiga betri kwa jiwe kama kawaida. Nikazungusha funguo mara moja tu na likawaka. Miezi mitano ya kuniaibisha, halafu siku hiyo likawaka kama jipya. Nikakaa nyuma ya usukani nikiwaza mama yake Tuala, aliyekwenda Auckland kumlea mjukuu kwa miezi mitatu na akarudi baada ya miaka kumi na mmoja ndani ya jeneza. Nikawaza ile nyumba. Baba tulikuwa tumemzika Machi, wewe umeolewa huko, na jioni ile ningesali peke yangu na kula peke yangu. Nililizima. Nikafungua boneti, nikachomoa waya mnene wa koili, ambao bila huo injini haiwaki, nikauficha kiunoni, chini ya shuka. Kisha nikaketi tena na kuanza kuzungusha funguo kwa nguvu, Mama akiwa ameshatoka na mkoba wake, anisikie.

Aperamo alipokuja baadaye kutaka kuangalia ndani ya boneti nilimfukuza. Nikamwambia maiti hatuichunguzi, tunaizika. Tukalisukuma hadi nyuma ya zizi la nguruwe, na huko ndiko liliko mpaka leo, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Nimelidharau mbele ya watu kila nilipopata nafasi. Nililidharau kwa sauti, kusudi mtu asifikirie kuniangalia mimi. Na wewe kila Krismasi unaandika kuomba radhi kwa ajili ya gari lako, nami najibu kwamba nimekusamehe. Nimeandika hivyo mara nane, kwa mkono huu. Hilo ndilo linalonifanya nijione duni kuliko chuma chochote kilichowahi kushushwa melini.

Wewe ulilia peke yako hospitalini, ukazaa bila mkono wa mama mgongoni, ukaamini ni ubahili wako. Haukuwa ubahili wako. Ulituma ulichoweza, na siku moja tuliyokihitaji kilifanya kazi yake.

Tukiwa melini nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza muda wote huo. Alisema aliona kijana anayemwibia mama yake safari ana njaa ya mama kuliko mtoto mchanga, akaona abaki kwanza na mwenye njaa kubwa. "Lakini sasa," akaniambia, "mtoto mchanga ana miaka minane na wewe una thelathini na tisa, na mimi nimechoka kusikiliza gari la watu likitukanwa kwa kosa lisilo lake." Halafu akasema kama sitakuandikia mimi, atamwomba mke wa mchungaji amwandikie yeye, tena kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo usinunue gari. Nunua tiketi. Nitauza nguruwe wawili nichangie. Daktari wa macho amesema anaweza kusafiri, na ni vizuri amwone Lanuola wakati bado anaona. Sikuombi unisamehe sasa. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima una haki, na ukitaka kuja kunichapa mbele ya baraza nitakuandalia kiti.

Ndani ya bahasha hii utakuta ule waya. Nilikuwa nimeuweka kwenye kopo la biskuti, chini ya vitabu vya nyimbo. Mwonyeshe shemeji, anajua magari. Atakuambia kwamba ni mzima.

Nisalimie shemeji na wote wa kanisani kwenu. Mwambie Lanuola kwamba bibi yake anakuja na mikeka ile ile iliyofungwa kwa ajili yake kabla hajazaliwa, haijafunguliwa. Mama anakubusu. Mkoba ameshaufunga na ameuweka mlangoni, ingawa nimemweleza kwamba tiketi bado. Amesema atakwenda kivukoni kwa basi la Aperamo, na mimi nitapanda naye, nyuma, mbali na usukani.

Ni mimi mdogo wako,
Elekana