Mwigizaji wa Kwanza Amemfungisha Begi Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla baba mkwe hajakunja shati lake la mwisho, maana ninavyoandika hivi begi liko wazi juu ya kitanda, mke wangu amesimama mlangoni mikono kiunoni, na chanzo cha yote ni mwigizaji wa filamu ambaye nadhani alishafariki kabla mimi sijaanza shule.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima mwenye kitambi cha wastani na nywele zilizoamua kustaafu mapema, na ugonjwa wangu ni filamu za zamani zisizo na rangi, zile za uhalifu, wanaume wenye kofia wanapita kwenye barabara iliyolowa mvua, mwanga wa dirishani unamchora mtu mistari usoni, na kila mtu anamdanganya mwenzake mpaka mwisho. Jumapili baada ya chakula cha mchana tunazitazama sebuleni, mimi, mke wangu ambaye ni mwalimu, jirani yetu kinyozi, na baba mkwe, aliyehamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki, na ambaye nakuambia kweli ndiye rafiki niliyempata ukubwani bila kumtafuta.

Tuna mchezo wetu. Kila mwigizaji mkuu wa kiume tunambatiza jina, maana majina yao halisi yanatuvunja ulimi, kisha mimi namkatia kipande kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, na vipande hivyo tunavibandika ukutani kwa pini, aliyeigiza vizuri kuliko wote juu kabisa na wengine wakimfuata kwenda chini. Chini kule yupo Brilantini, jina la mafuta yake ya nywele, satini nyeusi, ambaye hajui kuigiza hata kikohozi ila kinyozi anamtetea kwa sababu ya mstari wa nywele zake. Juu yake yupo Koti Refu, sufu ya kijivu, na huyo ni wangu, nilimpigania kwa muda mrefu mpaka mke wangu aliponiambia, "Mume wangu, wewe humtazami mtu, unatazama mabega ya koti," nikajichunguza nikaona ni kweli, hata sura yake siikumbuki.

Vita viko juu, kati ya Sauti, ambaye ni mahameli, na Kimya, ambaye ni kaki. Sauti anaigiza wakili aliyeua, na karibu na mwisho anampigia mkewe simu na kukiri yote, na baba mkwe, ambaye alifanya kazi ya kuunganisha simu maisha yake yote na lugha ya hizo filamu anaielewa kutuzidi sote, hufumba macho pale na kusema, "Sikilizeni anavyomeza mate kabla ya kutaja jina la mkewe. Huyo haigizi, huyo ana hatia!" Mke wangu yeye ni wa Kimya, mlinzi wa ghala anayempenda mwanamke asiyemjua vizuri, na kuna pale kwenye ngazi ambapo polisi wanamuuliza kama anamfahamu mwanamke yule, naye anaangalia viatu vya yule mama, anaona vimelowa maji ya ghalani alikouawa mtu, anaelewa kwamba ndiye muuaji, na anasema tu, "Simfahamu." Uso haukunjamani, mkono hautetemeki, ila macho, mshauri, macho yanazeeka pale pale ukiyaangalia.

Jumapili iliyopita tukapiga kura. Mke wangu akasema Kimya, baba mkwe akasema Sauti, kinyozi akasema Brilantini tukamwambia anyamaze, ikabaki yangu, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani nikiliacha koti kando, nikasema Kimya. Baba mkwe akauliza, "Kwa lipi? Amefanya nini?" Mke wangu akasema, "Baba, si umeona pale kwenye ngazi?" Mzee akasema, "Nimeona mtu amesimama kama suruali kwenye kamba! Na mnaniwekea mafilamu ya giza, halafu mnazima na taa!" Kinyozi akacheka. Heri asingecheka. Mzee akainuka, akaenda ukutani, akavipapasa vile vipande kimoja kimoja mpaka akafika kwenye mahameli, akakigusa kwa kidole kama anayeaga, akasema, "Basi. Kesho kutwa naenda kwa binti yangu mdogo. Kule hata runinga hawana, nitapumzika."

Nikajaribu ujanja. Asubuhi, mke wangu akiwa kazini, nikahamisha pini, mahameli juu, kaki chini, nikamwita mzee aje. Akapapasa, akasema, "Fundi, huruma sitaki. Rudisha." Mke wangu naye alipogundua akaniambia, "Baba atakaa hapa, na Kimya atakaa pale juu, na wewe ukigusa pini tena utalala na cherehani."

Mshauri, sitaki aondoke. Hata chai siku hizi namimina mimi maana yeye anaimwaga mezani kwa hasira zake, na kila jioni namsomea gazeti hili zima, kwa sababu anasema sauti yangu inampendeza kuliko miwani, na wakati filamu inaendelea yeye amesogeza kiti mpaka goti linagusa runinga, ni mapenzi gani hayo ya sinema? Ukurasa huu wako nitauruka nikimsomea. Niambie, nimpe mzee ushindi nimpoteze mke, au nimpe mke ushindi nimpoteze mzee?

Ni mimi, Fundi wa Kura Moja.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kwanza pole, na pili naomba uniruhusu nikucheke kidogo, kwa sababu umeandika barua nzima kuhusu watu wa kuona, na wewe mwenyewe hukuona.

Soma ulichoandika. Mzee anamwaga chai mezani. Mzee anasomewa gazeti. Mzee amegusanisha goti na runinga. Mzee anasema filamu ni giza. Mzee anatambua vitambaa kwa vidole. Na mwigizaji anayempenda ni yule anayesimulia yote kwa simu, wakati yule anayemchukia ndiye anayeigiza kwa macho peke yake, bila neno. Wewe ukaita hasira, ukaita mapenzi ya sinema! Fundi, ninyi mnaopitisha uzi kwenye tundu la sindano, hivi mnaangalia nini siku nzima?

Baba mkwe wako haoni vizuri. Mimi si daktari, huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni kingine, na mengi ya haya hutibika mtu akiwahi. Ninachokijua ni kwamba mtu mzima anaona aibu kusema, "Wanangu, sioni." Ni rahisi kwake kusema mwigizaji ni mbovu. Na mlipomuuliza mbele ya kinyozi kama ameona pale kwenye ngazi, mlimgusa penye kidonda, ndiyo maana anakimbilia nyumba isiyo na runinga. Huko hakuna atakayemuuliza ameona nini.

Sasa acha kulia, fanya kazi. Pini usiziguse, mkeo yuko sahihi, na cherehani si mwenzi mzuri wa kulala naye. Kimya abaki juu. Usimpe mzee ushindi wa bure, ameshakwambia hautaki, na hapo alikuzidi utu uzima. Mweleze mkeo leo, nyinyi wawili, taratibu, kisha mwende kwa mzee jirani asipokuwepo. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali ya macho. Asikubali? Mwambie ni wewe unayekwenda, yeye akusindikize. Kwa jinsi ulivyosoma barua yako mwenyewe, hutakuwa umedanganya.

Akishatibiwa, rudieni ile ya ngazi. Na hata kama daktari hatafaulu, mkeo akae karibu na baba yake amnong'oneze: sasa anaangalia viatu, sasa ameelewa. Mwalimu anajua kueleza. Halafu mpige kura upya. Akisema bado ni Sauti, mkubali, kwa sababu huenda yeye ndiye pekee kati yenu aliyewahi kumsikiliza mwigizaji yule sawasawa. Nyinyi mlikuwa mnaitazama ile simu mkononi mwake. Kinyozi naye apewe kura, kwa sharti la kutocheka.

Jambo la mwisho: ukurasa huu usiuruke. Mkiisha kuzungumza naye, msomee, kwa ile sauti yako anayoipenda, kuanzia juu mpaka hapa nilipofika, na hapa ninapoanza kuongea naye mwenyewe, usikohoe wala usipunguze kitu.

Shikamoo mzee. Nimesikia habari zako kwa mkweo, ambaye ameandika mengi sana ili kusema neno moja, kwamba anakupenda. Mkweo hana macho na wewe huna macho, mmepatana. Na kuhusu yule wakili kwenye simu, hapo anapomeza mate, mimi niko upande wako, ila usimwambie bintiyo. Kwa hiyo begi lifunguliwe, mashati yarudi kabatini. Moja tu libaki nje, lile zuri, mkweo alipige pasi vizuri kolani. Hilo ni la kwenda nalo kwa daktari.