Kigoda cha Nguzo ya Tatu

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO CHA POLISI SUMBAWANGA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Romani s/o Nestory
Umri: Miaka 44
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Fundi seremala
Makazi: Kizwite, Sumbawanga mjini
Tarehe: 19/02/1998, saa 3:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Kwetu ni Mpui, ila naishi Kizwite tangu mwaka 1979. Kabla ya mwezi huu sijawahi kuitwa polisi kwa jambo lolote. Afande ameniambia nieleze ninachojua kuhusu kuanguka kwa jukwaa la mbao nyuma ya gesti ya Mama Avelina tarehe 8/2/1998. Nilipohojiwa hapa tarehe 9/2 nilisema kwa mdomo kwamba kosa ni langu. Leo nimekuja kuyafuta maneno hayo. Nitaanzia mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati nitaonekana mwongo.

Mnamo mwezi Julai 1997 nilifuatwa nyumbani na Mama Avelina. Huyu mama alikuwa karani katika shirika moja la umma mpaka alipopunguzwa kazi, akajenga gesti ya vyumba sita hapo Kizwite. Nyuma ya gesti kiwanja kinashuka vibaya, mbuzi akiteleza huku juu unamwokota kwa jirani. Alikuja na kalenda yenye picha ya nyumba ya Ulaya, ina mabaraza matatu ya mbao, moja chini ya jingine, yanashuka na mteremko. Alitaka hivyo hivyo, wateja wakae wanywe huku wanaangalia bonde. Mafundi wawili walishamwambia haiwezekani mpaka asawazishe kiwanja. Mimi nilimwambia mteremko si ugonjwa, unahitaji kupimwa tu.

Kazi hiyo niliifanya na Oswaldi s/o Abel, ambaye ni shemeji yangu. Amemwoa Fortunata, dada yangu wa tumbo moja. Oswaldi alikuja kwangu mwaka 1984 hajui hata kushika randa, nikamfundisha. Alipotaka kuoa, mama yangu hakumtaka, alisema anaongea kuliko anavyofanya. Ni mimi niliyekwenda kumsemea kwa mama. Naomba hilo liandikwe.

Majukwaa yalikuwa matatu, la juu, la kati na la chini, na kila moja lilibebwa na nguzo nne za mkaratusi, unene inchi kumi. Kiwanja kile zamani kilikuwa shamba la ulezi, la yale matuta yetu makubwa tunayozika nyasi ndani, kwa hiyo udongo wa juu ni laini. Nilisema kila nguzo izame futi tatu na nusu, ifike kwenye udongo mwekundu mgumu. Kwa kuwa ni mteremko, kila nguzo ilikuwa na urefu wake na shimo lake. Nilizipima kwa mpira wa maji, ule wa kuonyesha usawa, nikaandika kwenye daftari. Nilizipa namba kuanzia chini, moja hadi kumi na mbili. Kichwani kwa kila nguzo nilichonga ulimi wa kuingia kwenye boriti. Kitakoni nilichoma moto mpaka pakawa peusi, nikapaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, halafu nikakata alama kwa patasi: msalaba mdogo, na mikato kulingana na namba ya nguzo. Alama hiyo natumia mimi peke yangu.

Jumatano tarehe 10/9/1997 nililetewa habari kwamba baba yangu mdogo amefariki huko Mpui. Nguzo za juu na za kati zilikuwa zimeshasimama. Zilibaki nne za jukwaa la chini, zile ndefu. Nilimwonyesha Oswaldi mashimo manne, nikampa sururu, nikamwambia asisimamishe hata moja kabla ya kuona udongo mwekundu. Kisha nikaenda kuzika.

Nilirudi Jumamosi tarehe 13/9/1997, saa nane mchana. Nguzo zote nne zilikuwa zimesimama, zimeshindiliwa mawe, na boriti zimeshakaa juu yake. Niliweka mpira wa maji, vichwa vyote vilikuwa sawasawa. Nilizitikisa, hazikucheza, maana Septemba ardhi ya kwetu inakuwa kama saruji. Nilimuuliza kama amefika kwenye udongo mwekundu. Akanionyesha viganja vyake vina malengelenge, akasema, "Shemeji, nimechimba mpaka nimemkumbuka bibi yangu." Tukacheka. Ningefukua hata shimo moja ningejua siku ile ile. Sikufukua, kwa sababu aliyeniambia alikuwa shemeji yangu na si kibarua wa kuokotwa sokoni.

Kazi tuliikabidhi tarehe 4/10/1997. Mama Avelina alifurahi mno. Watu walikuwa wanakuja kuangalia tu, hata wasionunua kitu.

Kisha zikaja hizi mvua za elinino, ambazo kila mtu anazijua. Jumapili tarehe 8/2/1998, saa 9:40 alasiri, nilikuwa nyumbani kwangu nikasikia kishindo, halafu kelele za watu. Nilikimbia. Kulikuwa na sherehe ya ubatizo, na watu kama ishirini walikuwa kwenye jukwaa la chini. Nguzo zote nne zilikuwa zimelala kuelekea bondeni, na mbao zimewafuata. Watu saba waliumia. Mama Avelina alikuwa chini ya boriti. Nilisaidiana na vijana kuinyanyua. Mguu wake wa kulia umevunjika mara mbili, na mpaka leo yuko hospitali. Tulipomtoa aliniangalia, hakulia, akasema, "Romani, mimi nilikuamini wewe." Nguzo niliziona, lakini zilikuwa zimejaa matope, na mimi sikuwa na macho ya kukagua kitu.

Kesho yake asubuhi na mapema, kabla polisi hawajafika, Oswaldi alikwenda pale na msumeno akazikatakata nguzo zote nne na kuzipanga kama kuni. Aliniambia anasafisha ili watoto wasije wakaumia. Nilimshukuru. Polisi walipokuja, kilichobaki cha kuangalia ni daftari langu, lenye mwandiko wangu. Ndipo Oswaldi akawaambia kwamba vipimo vyote vilikuwa vyangu, yeye alifuata tu alichoambiwa, na huenda nilikosea urefu, nami nikakubali. Ikaamriwa niwe naripoti hapa kila siku asubuhi.

Tangu siku hiyo Oswaldi alikuwa anakuja kwangu kila jioni. Tunakula pamoja, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anasema wakati ule baba mdogo alikuwa mgonjwa, kichwa changu hakikuwa kazini, binadamu ndivyo tulivyo. Alinishauri nikubali kosa kwa maandishi ili jambo liishe kwa faini, nisije nikafungwa kwa ubishi. Aliahidi wateja wangu atawashika yeye kwa muda, mpaka watu wasahau.

Mimi nilimwamini. Afande, nataka hilo lieleweke. Kwa siku nane niliamini kwamba mimi ndiye niliyemvunja yule mama mguu. Nilipima mlango wa nyumba yangu, nikapima kitanda, nikapima meza niliyoitengeneza mwenyewe, kuona kama futikamba yangu imeanza kudanganya. Mke wangu aliniambia nitapata wazimu. Miaka ishirini na zaidi nakula kwa kipimo, halafu nikawa naogopa hata kukata mpini wa jembe.

Jumatatu tarehe 16/2/1998, baada ya kuripoti hapa saa mbili asubuhi, niliomba ruhusa nikapanda lori kwenda Mpui. Nilitaka mama yangu, Silvana, asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu. Nilifika kama saa sita mchana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa amekaa barazani juu ya kigoda ambacho sikukijua. Ni kipande cha gogo nene, juu kimepigiliwa ubao wa mninga wa mviringo, pembeni kimepakwa vanishi. Kabla sijasema lililonileta, mama alianza kunisimanga. Alisema kigoda ameletewa na mkwe wake Krismasi, kwamba Oswaldi, yule aliyemkataa, ndiye anayeujua mgongo wake, na mimi aliyenizaa mwenyewe nawatengenezea watu wa gesti viti, yeye anakaa mkekani. Akasema kasoro yake moja tu, kinanuka kama gereji. Ila tangu kije, mchwa wamehama barazani.

Hapo nikakumbuka oili chafu ya nguzo zangu. Nilimwomba asimame kidogo. Nilikigeuza, chini kimepigiliwa kipande cha tairi. Nilikibandua kwa panga. Ndani palikuwa peusi, pamechomwa moto, pana oili, na juu ya weusi kuna msalaba mdogo na mikato mitatu ya patasi. Ni kitako cha nguzo ya tatu. Nilipima urefu wa gogo, ni futi moja na nusu. Kwa hiyo nguzo niliyosema izame futi tatu na nusu ilizama futi mbili, kwenye udongo wa matuta, bila moto na bila oili. Ulimi wa juu hakuweza kuukata, boriti isingekaa. Akakata chini, mahali ambapo udongo utaficha, na ndiyo maana tarehe 9 aliwahi na msumeno kabla ya polisi.

Nilikaa chini sakafuni nikalia. Sioni aibu kulisema. Uvivu wake ningeusamehe. Angeniambia Jumamosi ile kwamba ardhi imemshinda, ningechimba mwenyewe. Hata baada ya jukwaa kuanguka angeniambia, tungekuja hapa wawili. Lakini alikaa mezani kwangu kila jioni anakula ugali wangu, ananifundisha jinsi ya kukubali kosa lake. Na kile alichokikata amemkalisha mama yangu juu yake, akasifiwa.

Nilimweleza mama kila kitu. Kisha akahamia mkekani, akasukuma kigoda kwangu kwa mguu, akasema, "Chukua. Ila Fortunata asijue kwamba nimekupa mimi." Nilimwahidi. Afande ameniuliza kielelezo nimekipata wapi na nimepewa na nani, na ameniambia niseme ukweli mtupu. Nimeusema. Dada yangu ana watoto wanne, na sijui nitamtazamaje.

Nilirudi nacho usiku ule nikakificha, na Oswaldi sikumwambia lolote. Jana jioni alikuja kama kawaida, nikamwambia nimekubali, kesho nakwenda kuandika kwamba kosa ni langu. Alinishika bega, akasema mimi ni mwanaume. Leo asubuhi amenisindikiza mpaka hapa. Kigoda nilikitia kwenye gunia, nikakifunikia blanketi, na ni yeye aliyenibebea gunia hilo kwenye baiskeli yake kutoka Kizwite. Aliniuliza mbona zito, nikamjibu ni vitu vyangu vya kulalia endapo nitawekwa ndani. Sasa hivi yuko nje kwenye benchi na chakula alichonipikia dada yangu. Amesema hataondoka mpaka ajue mwisho wangu.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyapima na niliyotendewa. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Romani Nestory

MAELEZO YA MPOKEAJI

Mimi Koplo Shedrack nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi kwa hiari yake. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi, ametia sahihi mbele yangu saa 5:05 asubuhi. Nimepokea kielelezo kimoja: kigoda cha gogo la mkaratusi, urefu futi moja na nusu, kitako kimechomwa moto, kina msalaba na mikato mitatu. Shahidi ameomba kisikaliwe na mtu hapa kituoni.

Saa 5:15 asubuhi nilitoka na kielelezo hadi kwenye benchi la nje, nikamkuta Oswaldi s/o Abel, miaka 38, ana bakuli la chakula lililofungwa kitambaa. Nilikigeuza kigoda mbele yake, nikamuuliza kama anakitambua. Kisha aliuliza swali moja, ambalo naliandika kama lilivyo: "Sasa mama amekalia nini?" Nilimwonya kwa mujibu wa sheria na kumweka chini ya ulinzi. Chakula alikiacha kwenye benchi. Shahidi alipotoka alikipita, akaondoka kwa miguu.

Koplo Shedrack
19/02/1998