Sauti ya Mama Kabla ya Saa Nane

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kunyweni hata kama haishuki.

Asubuhi daktari amepiga simu. Mama yenu anapasuliwa koo leo saa nane, na sauti yake haitarudi tena. Mwenyewe akaomba simu, akaniambia, "Sura yangu mtaendelea kuiona. Nirekodi nikiongea."

Kwa hiyo nimechukua kamera ya zamani, ile ya kanda. Nzito kama tofali, picha ina ukungu, lakini inanasa hata pumzi. Ile mpya inaonyesha mpaka kope, ila mtu akisema utadhani yumo ndani ya pipa.

~~Msije, mtamliza.~~ Njooni hospitali mapema. Kila mmoja aje na jambo la kumuuliza, ajibiwe naye mwenyewe.

Baba