Rafu Zilizojaa Siku ya Mgeni

Maktaba ya Lokesheni,
Nakuru.

Dada yangu Keziah,

Nakuamkia wewe na shemeji na nyumba yote. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama anakula, au bado anasukuma sahani kando kama siku zile tulipomzika Dorika wangu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Unakijua kile chumba cha vitabu ninachokitunza hapa lokesheni, mtaani kwetu. Fedha za vitabu, za taa na za mshahara wangu mdogo hutolewa na kamati moja ya Nairobi. Majuzi waliandika kwamba miji inayoomba msaada huo imekuwa mingi, kwa hiyo wangemtuma mtu aje aone kama watu wa hapa wanasoma kweli. Kama hawasomi, vitabu vitapakiwa kwenye gari la moshi viende mji mwingine.

Dada, nilitangaza kama mchuuzi. Niliandika matangazo nyuma ya mifuko ya unga nikayabandika kwa kinyozi, kwenye lango la karakana ya reli, na kwenye kinu cha posho. Hapo kinuni Mzee Barasa, fundi wa reli, aliyasoma kwa sauti.

"Bwana Elisha, vitabu vya bure?"

"Bure, mzee."

"Na kodi yake itakuja lini?"

Watu walicheka. Lakini kesho yake alikuja akaazima kitabu cha kufuga kuku, kisha akawaleta wenzake. Baada ya muda rafu zikawa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Nilikuwa nikiyatazama mapengo yale na kufurahi.

Sasa sikia kosa langu. Jumapili niliomba nafasi kanisani nikasema, "Alhamisi tuna mgeni wa maktaba. Tafadhali tusiaibike." Sikuongeza neno. Unakumbuka Baba alipopata mgeni, jinsi majirani walivyorudisha mbio viti na vikombe walivyoazima, ili mgeni asiikute nyumba yetu tupu? Basi Jumatatu watu walianza kurudisha vitabu. Barasa alifika jasho likimtoka. "Chukua, Bwana Elisha. Mgeni asije akadhani tumekuibia." Nami, mjinga, nikawashukuru! Nikavifuta kimoja kimoja, vumbi jeupe la ziwa, unga, grisi ya vidole vya watu wa reli, mpaka vikawa kama vipya.

Alhamisi Memsahibu wa kamati akaja. Alisimama mbele ya rafu zilizojaa.

"Kwa nini vitabu yote iko hapa?"

"Wamevirudisha kwa heshima yako, Memsahibu."

"Yote? Wiki moja?"

Akafungua daftari la kuazima, akaona tarehe za kurudisha zikifuatana. Hakunikaripia, lakini nilijua anadhani nimezibuni mwenyewe. Barasa, aliyekuja na koti lake la kanisani, akajaribu kuniokoa.

"Memsahibu, mimi nimesoma ile ya kuku."

"Kuku yako iko ngapi?"

"Bado sina hata mmoja. Nasoma kwanza."

Hata yeye alitabasamu. Kisha kidole chake kikasimama kwenye daftari. "Hii moja haijarudi. Dorika ni nani?"

Nilimwambia ni marehemu mke wangu. Nikaenda chumbani kwangu nikakileta. Ni kile kitabu cha kushona nguo. Dorika alikuwa akiwasomea wanawake wenzake pale bombani wakingoja maji, na kila mmoja alitaka kuigusa picha kwa mkono wake. Kurasa zina alama za makaa, za unga, na za mafuta ya maandazi yake. Kwenye ukurasa wa kola bado pana uzi mwekundu aliouweka siku alipolazwa. Hicho sikuwahi kukifuta.

Memsahibu alikifunua polepole hadi mwisho. "Hii napeleka kwa kamati. Wataona."

"Itarudi, Memsahibu?"

"Nitajaribu."

Nilimpa, Dada. Nilimsihi tu asiuondoe ule uzi. Sasa nangoja jibu, na kila posta ikifika mimi ndiye wa kwanza kuuliza barua. Wakikataa, vitabu vitaondoka, na sitajua nimwulize nani habari za kile kimoja. Sijui kama nilifanya vema. Dorika angesema nitoe, lakini Dorika alikuwa mwepesi wa kutoa.

Mwambie Mama blanketi alilonipa linanifaa sana kwa baridi ya huku. Nisalimie mjomba seremala, na binti yako anayeanza shule. Mwambie akunje pembe za daftari lake apendavyo, mimi sitamgombeza. Niombeeni.

Barasa amepita asubuhi hii, akaazima tena kitabu cha kuku. Nimeandika jina lake. Pale pa tarehe ya kurudisha nimepaacha wazi, nikamwambia hata akija mgeni asikirudishe mbio.

Ndimi ndugu yako akupendaye,
Elisha