Sahihi ya Mama

Ndugu yangu Clifford,

Hujambo huko Homa Bay? Hapa ng'ombe wa Mama amezaa. Soko letu nalo limezungushiwa mabati, eti wananchi tulikubali tajiri ajenge hoteli! Mama sasa anauza dagaa wake wa omena kando ya barabara, vumbi tupu.

Nilienda ofisi ya wadi nikawaka. Wakanitolea orodha ya waliokubali, ile uliyoandikisha wewe ulipokuwa karani wao. Jina la Mama liko, na sahihi safi kabisa. Mama huyu ambaye maisha yake yote huweka kidole gumba? Clifford, mwandiko wako naujua tangu shule.

Nilipomweleza, Mama aliuliza, "Atakuja lini anifundishe kuandika hiyo sahihi yangu?"

Mjibu yeye, si mimi.

Dada yako,
Risper